Shule ya parokia ni ya nani, na Halmashauri ya Walei ina sauti gani?

Swali: Nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei parokiani kwetu, hapa Tanzania. Parokia ina shule ya awali na msingi iliyojengwa kwa michango ya jumuiya. Ada imepanda mara mbili, hesabu hazijasomwa kwa waamini muda mrefu, wengi wanataka tumwondoe mwalimu mkuu, na wazazi wanalalamika kwamba kuna watoto wanaofika darasa la saba bila Komunyo ya Kwanza ilhali wanasoma shule ya Kanisa. Baba Paroko anasema halmashauri ni ya kushauri tu. Je, ni kweli? Tuanzie wapi?

Jibu: Tumsifu Yesu Kristo, ndugu mwenyekiti.

Baba Paroko amesema kweli, ila ameishia nusu. Kanuni ya 536 katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema baraza la kichungaji la parokia lina kura ya ushauri tu, tena linaundwa pale askofu anapoona inafaa, akishasikiliza baraza la mapadre wake. Kwetu kazi ya baraza hilo inafanywa na Halmashauri ya Walei. Lakini soma kanuni inayofuata, ya 537. Hiyo haina neno “inapofaa”. Inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha, yenye waamini waliochaguliwa kwa utaratibu uliowekwa na askofu, ili wamsaidie paroko kutunza mali ya parokia. Halmashauri yaweza kukosekana na sheria isivunjwe. Kamati ya fedha haiwezi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa paroko lisiwe juu ya ada wala mwalimu mkuu. Muulize kwa upole: kamati ya fedha ya parokia ipo? Wajumbe ni akina nani, na waliteuliwa lini? Parokia nyingi zina mhazini wa halmashauri na watu wawili watatu wanaohesabu sadaka baada ya Misa, kisha hao ndio huitwa kamati ya fedha. Kuhesabu sadaka ni kazi nyingine. Kamati ya kweli huandaa bajeti, hupitia vitabu, hutazama taarifa za benki, na humshauri paroko kabla fedha haijatumika. Wajumbe watatu hadi watano wanatosha, mradi mmoja awe mhasibu wa kweli, mwingine anajua mambo ya ardhi au sheria, na mwingine ujenzi. Anayepokea fedha asiwe huyohuyo anayekagua.

Tena ushauri si neno jepesi. Waraka wa mwisho wa Sinodi ya Maaskofu, uliotoka Oktoba 2024 na kuidhinishwa na Papa Fransisko, unataka vyombo vya ushirikishwaji viwe vya lazima, na unaomba usemi wa “kura ya ushauri tu” katika sheria upitiwe upya. Sheria yenyewe bado haijabadilishwa, kwa hiyo usiende kwa paroko ukisema Sinodi imewapa madaraka. Unachoweza kusema, na ukawa na haki, ni kwamba Kanisa linamtaka kiongozi asikilize kwa dhati, na akiamua kinyume na maoni ya wengi aeleze sababu.

Sasa shule. Kabla hamjajadili lolote, tafuteni karatasi tatu: cheti cha usajili wa shule, hati ya kiwanja, na mkataba wowote kati ya jimbo na shirika la kitawa kama masista wanahusika. Hapo ndipo vikao vingi hukwama, kwa sababu kila mtu anasema “shule yetu” akiwa na maana yake.

Kwa sheria ya Kanisa, parokia iliyoundwa rasmi ni nafsi ya kisheria (kanuni ya 515). Inaweza kumiliki mali, na paroko ndiye anayeiwakilisha (kanuni ya 532). Kwa sheria ya nchi mambo ni tofauti. Serikali kwa kawaida haiitambui parokia kama mmiliki. Inawatambua Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo, chini ya Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini, Sura ya 318. Ukiona hati ya kiwanja imeandikwa jina la Wadhamini, usidhani jimbo limewapora. Ndivyo mali ya parokia inavyolindwa mbele ya serikali. Hatari iko upande mwingine: kiwanja kilichonunuliwa kwa michango ya jumuiya kikaandikwa jina la mwenyekiti wa wakati huo, au la padre binafsi, “kwa muda”. Akifariki, warithi wake wana karatasi na parokia ina kumbukumbu tu. Mkigundua kiwanja cha namna hiyo, anzeni kuhamisha mwezi huohuo, mwenye jina akiwa hai na yuko tayari kusaini.

Ikiwa shule ni ya shirika, halmashauri haina kauli juu ya uendeshaji wake, hata kama waamini walibeba mawe ya msingi. Kanuni ya 681 inataka jimbo na shirika waandikiane mkataba juu ya kazi ambayo askofu amewakabidhi watawa, mambo ya fedha yakiwemo, na mkataba huo ndio wa kusoma. Askofu bado ana haki ya kuitembelea na kuisimamia katika mambo ya imani (kanuni ya 806). Lakini fedha zake si za parokia.

Nitaendelea nikichukulia kwamba yenu ni ya parokia kweli, maana ndivyo ulivyoandika.

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inataka shule isiyo ya serikali iwe na mmiliki na meneja, na shule ya msingi iwe na kamati ya shule. Mmiliki kwa karatasi ni Wadhamini. Meneja mara nyingi ni paroko, sista, au mtu wa idara ya elimu ya jimbo. Mwalimu mkuu anaendesha shule kila siku. Kamati ya shule inabeba wazazi na walimu, wakiwemo wazazi Waislamu na Walutheri ambao hawana kiti katika halmashauri yenu. Ndugu mwenyekiti, weka jambo hili moyoni: halmashauri si kamati ya shule. Mkijadili nidhamu ya walimu kwenye kikao cha halmashauri mnaingilia chombo kingine, na mzazi Mwislamu anayelipa ada sawa na wengine ana haki ya kuuliza ni nani aliyewapa kazi hiyo. Njia nzuri ni halmashauri kupendekeza kwa meneja jina la mwakilishi wake mmoja ndani ya kamati ya shule, naye alete taarifa kwenu kila robo mwaka.

Kuhusu kumwondoa mwalimu mkuu, naomba msiguse. Mwajiri wake ni mmiliki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kuachishwa kazi kuwe na sababu halali na utaratibu wa haki: tuhuma kwa maandishi, muda wa kujibu, kikao cha kusikilizwa, uamuzi wenye sababu. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: kikao cha halmashauri kinapiga kura Jumapili, mwenyekiti anasaini barua Jumatatu, mwalimu anaipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 anazopewa na sheria, na upande wa shule hauna hata muhtasari wa kumsikiliza. Hata kama mwalimu alikosa kweli, shule inashindwa kwa utaratibu, na fidia inatoka kwenye sadaka za akina mama wa jumuiya. Zaidi ya hapo, kanuni ya 1288 inamzuia paroko kufungua au kujibu shauri la kiserikali kwa niaba ya parokia bila ruhusa ya maandishi ya askofu. Barua ya Tume ikifika, ipelekwe ofisi ya jimbo siku hiyohiyo. Ikilala mezani wiki tatu, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja.

Mkiwa na malalamiko ya kweli juu ya mwalimu mkuu, yaandikeni kwa tarehe na matukio, mkabidhi meneja, basi. Isipokuwa jambo moja. Tuhuma ya mtoto kudhuriwa haisubiri kikao wala robo mwaka. Inapelekwa polisi au ustawi wa jamii mara moja, na askofu anajulishwa, kwa kuwa hati ya Papa Fransisko ya mwaka 2019, iliyothibitishwa mwaka 2023, inataka kila jimbo liwe na mahali rasmi pa kupokea taarifa kama hizo, zinapomhusu padre, mtawa, au mlei anayeongoza chama cha kimataifa cha waamini kinachotambuliwa na Vatikano. Atakayewaambia “tumalize kwa sala kwanza” asisikilizwe. Salini, na mtoe taarifa.

Sasa hesabu, ambako sauti yenu ina nguvu kuliko mnavyodhani. Kanuni ya 1284 inamtaka msimamizi wa mali ya Kanisa atunze vitabu vya mapato na matumizi vilivyo sawasawa na atoe taarifa kila mwisho wa mwaka. Ya 1287 inamtaka paroko apeleke hesabu kwa askofu kila mwaka, na fungu lake la pili linasema waamini nao wapewe hesabu ya mali waliyoitoa, kwa utaratibu wa jimbo. Haki hiyo hampewi na paroko, mnayo tayari. Namna ya kuitimiza, kama ni kusomwa kanisani, kubandikwa ubaoni au kupelekwa kwenye vigango, ndiyo inayopangwa na jimbo. Na ya 1267 inafunga mlango mwingine: fedha iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu. Mchango wa madarasa hauwezi kugeuka kuwa matairi ya gari la parokia.

Ombeni akaunti mbili za benki, ya parokia na ya shule, kila moja yenye watia saini wake. Parokia inapoikopesha shule, au shule inapoikopesha parokia, iandikwe kama mkopo wenye tarehe ya kurudishwa. Bila hilo hamtajua kamwe kama shule inajitegemea au inakula sadaka, na mabishano ya ada yatakuwa ya hisia tu.

Ada yenyewe, jaribuni kuikokotoa kabla ya kuilaumu. Tuseme, kwa mfano tu, shule ina wanafunzi 210 na wafanyakazi 16. Mishahara ni shilingi 7,200,000 kwa mwezi. Ongeza sehemu ya mwajiri ya NSSF, asilimia 10, na ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5: shilingi 756,000. Kwa mwaka mzima hiyo ni 95,472,000. Chakula cha shilingi 1,000 kwa mtoto kwa siku 190 ni 39,900,000. Vitabu, umeme, maji, mitihani na ukarabati tuvipe 18,000,000. Jumla ni 153,372,000. Wengi hugawanya kwa 210, wakapata kama 730,000, wakatangaza ndiyo ada. Lakini ni shule chache ambazo kila mzazi analipa yote. Wakilipa asilimia 85 tu, makusanyo ni kama milioni 130, pengo ni milioni 23, ambayo ni zaidi ya mishahara ya miezi mitatu. Kufikia Oktoba walimu hawajalipwa, michango ya NSSF haijapelekwa, na Januari ada inapandishwa kwa mshtuko. Huenda ndicho kilichowakuta ninyi. Katika mfano huu dawa ni mbili: kupanga ada karibu 860,000, au kukusanya deni kwa mikataba ya awamu iliyosainiwa na mzazi siku ya kumwandikisha mtoto. Mimi ningeanza na ya pili. Ada kubwa huwafukuza kwanza watoto wa wanajumuiya waliojenga shule, na hapo shule inapoteza sababu ya kuwepo.

Kuna fungu moja ambalo halmashauri inaweza kulibeba bila kumgombania mtu madaraka: mfuko wa ada kwa watoto wa familia maskini. Kila jumuiya ipendekeze jina moja, kamati ya fedha ichambue, malipo yaende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Mzazi asipewe fedha mkononi, na jina la mtoto lisisomwe kanisani.

Mishahara ya walimu isiguswe ili kupunguza ada. Kanuni ya 1286 inaagiza wasimamizi wafuate sheria za kazi za nchi na wawalipe watu ujira wa haki. Mwalimu wa shule ya Kanisa anayeishi kwa madeni hawezi kuwafundisha watoto juu ya haki wakamwamini.

Komunyo ya Kwanza. Hili lina uzito kuliko yote uliyouliza, na kwa kawaida halisababishwi na ubaya wa mtu. Linatokea katikati ya ofisi mbili zisizoandikiana. Shuleni watoto wana vipindi vya dini, mzazi anaridhika kwamba mwanawe “anafundishwa na sista”. Kigangoni katekista ana daftari lake, na mtoto asiyehudhuria Jumamosi hayumo. Siku ya orodha mtoto anajua sala zote na jina halipo. Kipindi cha dini cha shule na mafundisho ya sakramenti ni vitu viwili. Cha kwanza kinaweza kuwafaa hata watoto wasio Wakatoliki. Cha pili kinamwandaa mbatizwa kupokea Ekaristi, na kanuni ya 914 inakiweka mikononi mwa wazazi na paroko kwa pamoja.

Pendekezeni rejista moja inayotunzwa ofisi ya parokia, yenye nakala shuleni. Kila mtoto awe na: jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, tarehe na parokia ya ubatizo, namba katika kitabu cha ubatizo, jumuiya ya familia, jina la mwalimu anayemfundisha na mahudhurio. Cheti cha ubatizo kiombwe mwanzoni mwa mafundisho. Mtoto aliyebatizwa Sumbawanga na anayesoma Dar es Salaam anaweza kuchukua miezi kupata cheti, na kukitafuta wiki mbili kabla ya sherehe ndiko kunakoleta machozi. Kwa Kipaimara kuna hatua inayosahaulika sana: paroko wa mahali kilipotolewa lazima aiarifu parokia ya ubatizo, ili kiandikwe kwenye kitabu cha ubatizo (kanuni za 535 na 895). Isipofanyika, kijana anagundua akitaka kufunga ndoa miaka ishirini baadaye.

Paroko akikubali kwamba mafundisho ya shuleni yahesabiwe, walimu hao wawe na idhini yake ya maandishi, na walimu wa dini wawe wameteuliwa au kuidhinishwa na askofu au ofisi yake (kanuni ya 805). Mtoto bado aonekane kwenye Misa ya Dominika na kwenye jumuiya yake. Sakramenti inapokelewa ndani ya watu wanaomjua.

Nawaomba jambo moja kwa nguvu zote. Mtoto asizuiwe Komunyo kwa sababu mzazi anadaiwa ada, zaka au mchango wa jengo. Kanuni ya 843 hairuhusu kuwanyima sakramenti wanaoziomba ipasavyo wakiwa tayari na bila kizuizi cha sheria, na ya 848 inataka maskini wasikose msaada wa sakramenti kwa umaskini wao. Mahali pengine kadi ya jumuiya imegeuzwa stakabadhi. Deni la ada lidaiwe kwa mkataba wa ada. Mzazi anayekwepa jumuiya atembelewe na viongozi wa jumuiya nyumbani kwake. Mtoto wa miaka tisa hana deni.

Kwa watoto wasio Wakatoliki, fomu ya kujiunga ieleze wazi ni nini wote wanahudhuria, kwa mfano sala ya asubuhi na mkutano wa shule, na ni nini hawalazimishwi. Kanuni ya 748 inakataza mtu yeyote kulazimishwa kupokea imani Katoliki, na Katiba ya nchi, ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini. Ugomvi mwingi hutoka pale mzazi anapoambiwa masharti Machi ilhali alilipa Januari.

Mwanzo wenyewe uwe hivi. Ombeni ofisi ya jimbo au paroko nakala ya mwongozo wa Halmashauri ya Walei na wa kamati ya fedha wa jimbo lenu, maana majimbo yanatofautiana katika idadi ya wajumbe, muda wa uongozi na viwango vya fedha. Kisha nenda na katibu wako kwa paroko, bila umati, mkiwa na ukurasa mmoja wenye maombi matatu: kamati ya fedha iundwe au ihuishwe, hesabu za shule za miaka mitatu zipitiwe nayo, na rejista ya pamoja ya mafundisho ianze muhula ujao. Mwombeni muda wa kujibu, tuseme siku 30. Paroko mwenye vigango kumi na shule juu yake mara nyingi hufarijika akipata mhasibu wa kujitolea. Mpelekee jina la mtu pamoja na ombi.

Akikaa kimya, andika barua ya pili yenye nakala kwa mkuu wa dekania (kundi la parokia jirani), ambaye kanuni ya 555 inampa wajibu wa kuona kwamba mali ya Kanisa inatunzwa vizuri. Baada ya hapo ni mhasibu wa jimbo, kisha Baba Askofu mwenyewe. Kanuni ya 212 inawapa waamini haki, na nyakati nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kwa heshima, kwa hiyo barua kwa askofu si uasi. Andika matukio na tarehe, ambatisha mihtasari, acha sifa za watu. Barua ya kurasa mbili inasomwa. Ya kurasa kumi na moja yenye saini mia inawekwa kando kama fujo. Kundi la WhatsApp la parokia lisipate nakala.

Kama uhamisho wa paroko umekaribia, angalieni makabidhiano. Kanuni ya 1283 inataka orodha kamili ya mali, yenye maelezo na thamani, kabla msimamizi mpya hajaanza kazi, nakala moja ibaki parokiani na nyingine ofisi ya jimbo. Kwa shule, orodha hiyo iwe na salio la kila akaunti kwa tarehe, madeni ya wazazi kwa jina la kila mwanafunzi, michango ya NSSF isiyopelekwa, mikopo, hati za viwanja na mahali zilipo, na majina ya watia saini wa benki wanaotoka na wanaoingia. Benki iandikiwe kubadili saini wiki hiyohiyo.